Guitarist wetu alitoka show Ruiru akaenda kwa Wangojezi, akaacha dawa kwa begi

Wakuu, sasa. Mimi humu ni wa kupita tu, nasoma, nacheka na comments, naenda. Leo wacha niandike yangu. Majina ya wengine nimebadilisha, hata la hilo kundi, lakini mambo yenyewe ni vile yalitokea. Mahali sijui nitasema sijui.

Mimi ni drummer. Naitwa Gitau, na ule utani wa Gitau ambaye hachezi gitaa nimeusikia wote, kwa hivyo msijisumbue.

Mwenye alikuwa anacheza gitaa ni Barasa. Tumekua pamoja hapa Kiganjo, Thika, plot moja, mlango ukiangalia mlango. Mama yake alitoka Bungoma akaja kufanya kazi kwa shamba la mananasi, akamlea peke yake.

Tulikuwa tunapiga blues rock. Najua mnajiuliza ni nani Thika anasikiliza blues. Hata sisi tulijiuliza. Lakini Barasa alikuwa na kitu. Alikuwa anaweza kuvuta string moja mpaka watu wanaacha kutafuna nyama. Anaimba maji imekatika, landlord anagonga, msichana amekuacha ukimngoja stage ya matatu, na hiyo sauti yake ya kukwaruza, unaona wamama wa soko na vijana wa campus wanatikisa kichwa pamoja.

Clip moja ikaenda viral. Kutoka hapo kila weekend tuko booked. Radio wanapiga. Uso wake ukachorwa nyuma ya matatu ya Thika Road. Kuna festival ya Ujerumani walituita, tukaanza mambo ya visa.

Sasa kitu fans hawakujua ni kwamba Barasa ana kifafa. Tangu akiwa mdogo. Anameza dawa kila jioni, na akimeza vizuri anaweza kukaa muda mrefu bila shida. Lakini maisha ya show unayajua. Kulala kidogo, taa za kuwaka na kuzima, kula ovyo.

Siku moja akaanguka stejini. Niliruka drums nikamlaza kwa ubavu, nikamwekea jacket chini ya kichwa. Nilipoinua macho niliona simu. Kila mahali ni simu.

Hiyo video ilitembea, wakuu. Wengine walidhani ni sehemu ya show. Wengine wakasema ni mapepo, ati ndiyo bei ya kuwa famous. Kuna mhubiri aliicheza kanisani kwake kama mfano. Barasa hakujibu mtu. Alikuwa anakaa tu anasoma comments kutwa nzima, halafu akafika mahali simu akawa haishiki kabisa.

Ni wakati huo alianza kuongea na Wangojezi.

Hawa ni watu wana shamba huko Theta, si mbali na Ruiru. Wanavaa kijivu, hawana simu, ibada yao haina ala yoyote, wanaimba na mdomo tu, na sehemu kubwa ya siku wanakaa kimya. Walikuwa wanaleta sukuma wiki na maziwa Ruiru. Barasa alikuwa ananunua sukuma kwao na hapiki. Mimi nilifikiri ni zile tabia za wasanii.

Halafu ikafika ile Jumamosi ya Ruiru.

Show ilikuwa mchana, garden imejaa mpaka watu wamekaa kwa ukuta. First set alicheza vile sijawahi kumsikia. Break ikafika, akasema anatoka nje kidogo apate hewa.

Hakurudi.

Gitaa iko kwa stand. Simu iko juu ya amp. Nikafungua begi yake nikitumaini nitakosa kitu kimoja. Sikukosa. Dawa zilikuwa hapo.

MC akajaribu kuchekesha watu. Tukapiga bila yeye, chupa zikaanza kurushwa. Mimi nilikuwa napiga drums na kichwa iko kwa hizo dawa, kwa sababu daktari alikuwa ametuambia wazi: usiache ghafla, ukiacha ghafla unaweza kuanguka, uanguke tena kabla hujaamka, na hapo unaweza kufa.

Askari wa gate akaniambia alimwona. Ameenda kwa miguu na wamama wawili wa kijivu, amewabebea kreti yao tupu. Hakuna mtu alikuwa amemshika.

Sasa wakuu, hii nchi tumeona mambo na makundi za dini. Sina haja ya kueleza. Kila mtu ako na zile picha za makaburi kichwani, na mimi zilianza kunijia moja moja nikirudi Thika.

Mama Barasa nilimkuta akianua nguo. Nilimweleza yote. Hakulia wala hakuita majirani. Aliniuliza kitu kimoja, kama amebeba dawa. Nikamwonyesha. Akakaa kwa ngazi na nguo zikiwa mapajani.

Polisi walitusikiliza, walikuwa watu wazuri tu, lakini wakasema huyu ni mtu mzima, ametoka na miguu yake, tukipata amefungiwa turudi.

Jumapili asubuhi tukaenda Theta, mimi na Mama. Boda ikatuacha kwa gate ya mabati nyuma ya napier grass. Tukabisha.

Alitoka mwanamke wa makamo, ameshika jembe. Wanamwita Dada Tabitha, yeye ndiye mkubwa wao. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu wa kupiga kelele. Huyu aliongea kwa upole, akasalimia Mama kwa heshima, akatuletea viti. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi.

Akasema ndiyo, Barasa ako, lakini yuko kwa kimya na atatoka akitaka. Nikampa dawa. Akazipokea na mikono miwili.

"Nitampa," akasema. "Kumeza ni yake."

Mama akazichukua tena kutoka kwa mikono yake, polepole tu, bila ubaya.

"Mimi nataka kumwona akimeza."

"Basi mtangoja, mama."

Mama akakataa kiti, akatandika leso kando ya gate akakaa. Na tukangoja.

Wacha niwaambie kuhusu hiyo kimya. Ni watu wengi mle ndani, unawaona wakipita, na husikii kitu. Hakuna redio, hakuna mtu anaita mwenzake. Macho yangu yalikuwa yanatafuta udongo uliochimbwa upya. Na kila mahali palikuwa na udongo uliochimbwa upya, kwa sababu ni shamba. Nilikaa hapo nikihesabu kila mtu wa kijivu anayepita, nikiangalia kama anatembea sawa, kama amekonda, kama macho yake yako sawa. Sikuweza kujua. Nilikuwa nimeogopa mpaka kila kitu kilikuwa kinafanana na kile nilikuwa naogopa.

Jua limeshainama ndiyo Barasa akatoka.

Kichwa wamenyoa. Mikono ina udongo. Na mdomo umevimba upande mmoja, mahali amejiuma.

Mama aliona kabla yangu. "Umeanguka."

"Jana usiku," akasema. "Na leo asubuhi."

Nilianza kuongea haraka. Nikamwambia kuhusu Ujerumani, visa, watu wanauliza, vijana wa band hawajalala. Aliniacha nimalize. Halafu akaniambia haya maneno, na nayaandika vile aliyasema:

"Gitau, kule stejini nilikuwa nangoja kuanguka. Kila wimbo. Hapa nilianguka, na nilipoamka kuna mtu alikuwa amenishika kichwa. Hakuna mwenye alikuwa ameinua simu."

Ujerumani sikuitaja tena.

Mama akasimama, akafungua paketi.

"Sikuja kukurudisha, baba. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini meza."

Barasa akaangalia ile dawa, halafu akamwangalia Dada Tabitha. Na mimi nikamwangalia huyo mwanamke, kwa sababu hapo ndipo ningejua tuko mahali gani. Kisha akageuka akaenda ndani. Mimi nikafikiri basi, tumefukuzwa, ni wanaume sasa wanakuja.

Alirudi na kikombe cha maji.

Barasa akameza. Mama akamwambia afungue mdomo kama mtoto, akafungua.

Wakakubaliana hapo kwa gate: dawa zinabaki na Barasa, na kila mwezi Mama atakuja kumchukua, ampeleke kliniki Thika, amrudishe. Dada Tabitha alisema sawa. Alisema pia kwamba kuna watu wake hawatafurahia mambo ya dawa, na hilo ni lake kushughulika nalo. Hakueleza zaidi.

Festival ilienda hivyo. Band ilishikilia kidogo na guitarist mwingine, ikavunjika. Fans walitutusi, kukawa na uvumi ati amekufa tunaficha. Ile matatu walipaka rangi upya, sasa iko na mchezaji mpira.

Kila siku ya kliniki naenda na Mama. Mwezi uliopita tulibisha, hakuna jibu. Tukabisha tena. Mama akaanza kuita jina lake, yeye ambaye siku ile ya kwanza hakuinua sauti. Nilikuwa nimeshashika mabati nipande ndipo tukamwona akitoka upande wa ng'ombe, na kovu mpya juu ya jicho.

Akasema aligonga boriti. Nilitaka kumwamini. Tukashika matatu mpaka Thika.

Daktari akampima damu. Majibu yakasema dawa iko mwilini vile inafaa, anameza. Mama akamshika mkono pale kwa benchi, akaanza kucheka na machozi yakitoka. Barasa naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile video.

Kile nimejifunza ni hiki. Mimi nilienda Theta nikitaka kumrudisha, Mama alienda akitaka aishi. Haya si kitu kimoja. Yeye aliomba jambo moja tu, na ndilo alipata. Mimi niliomba kila kitu na ningefungiwa gate. Kama una mtu wako kwa kundi kama hilo, chagua lile jambo moja ambalo bila hilo utampoteza, uende nalo, na urudi tena na tena.

Lakini sitawadanganya ati nimetulia. Sijui wale watu wake ambao hawafurahii ni wangapi. Sijui Dada Tabitha akiondoka nani atashika nafasi yake. Siku ya kliniki ya mwezi huu haijafika, na namba nisiyoijua ikipiga kabla ya hiyo siku, nakaa na simu mkononi kwanza kabla niipokee.

Haya, uwanja ni wenu. Hata wa kunitusi kwa kumwacha huko, niko tayari. Lakini kama kuna mtu hapa ameishi na mgonjwa wa kifafa, naomba aongee kwanza.