Shiii Iliyoisha Mara Tatu

Aliyeisikia kwanza hakuwa mimi. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya Mikumi, mama mtu mzima sasa, ambaye nilimfundisha do re mi akiwa darasa la tano. Alikuja kwangu Kilosa siku ya Jumatatu kusikiliza nyimbo kumi nilizowarekodia. Alivaa hedifoni, akafumba macho, kisha akavua upande mmoja. Akaniambia kwa upole kwamba chini ya waimbaji kuna kitu kinafanya shiii, kama mafuta yanayochemka jikoni kwa jirani.

Nikavaa mimi. Sikusikia kitu. Nikamwambia labda ana mafua, naye akasema labda.

Alipoondoka sikupata raha. Uzinduzi wa nyimbo hizo ulikuwa Jumapili ya wiki ileile. Kama shiii ilikuwa ndani ya rekodi, ilibidi waimbe upya, na wa kuimba upya hawakuwapo, kwa sababu nusu ya waimbaji wa sauti ya pili walikuwa wameshakwenda Tindiga kupanda mpunga. Kama ilikuwa kwenye mtambo wangu wa kusikilizia, basi nyimbo zilikuwa salama. Kazi yangu ilikuwa kujua moja kati ya hayo mawili.

Mtambo wenyewe unachekesha. Tundu la hedifoni la kompyuta yangu lilikufa zamani, kwa hiyo nachomeka kwenye monita, na monita hiyo ni ya gemu. Binti yangu aliipata Morogoro kwa mtu aliyekuwa anafunga banda lake la michezo. Ni pana, imepinda, na mgongoni ina taa nyekundu ambazo sijawahi kujua zinazimwaje. Mwalimu mstaafu anarekodi nyimbo za Bwana kwenye kioo cha kupigania vita. Watu wa Magomeni, mtaa wangu hapo Kilosa, walinitania sana, nami nikawaacha.

Nilipandisha sauti ya monita hadi mwisho bila kupiga wimbo wowote. Hapo nikaisikia, nyembamba na ya mbali. Nilibadilisha waya unaotoka kwenye kompyuta. Nikachomoa chaja ya simu, nikazima friji, nikapunguza mwanga wa kioo. Mwishowe nikaishusha sauti ya monita hadi nusu na kupandisha ya kompyuta hadi juu kabisa, kukawa kimya. Nikamwita fundi simu wa jirani asikilize.

"Imeisha, mzee," alisema.

Siku ya pili nikamwita mwenye duka la mbele. Naye alisema imeisha, lakini alizivua hedifoni upesi na kujisugua sikio alipodhani simwangalii. Hilo halikunipendeza. Wote wawili ni wadogo kwangu, hawapiti mlangoni kwangu bila shikamoo. Nilikaa peke yangu mbele ya kile kioo chenye kiburi, mchana wa jua kali, na kimya kilikuwa kikubwa. Mwaka huo nilikuwa nimeshawaambia watu wengi kwamba nyenje, wale wadudu wanaolia mitini jua likiwaka, wameisha Kilosa. Nililaumu dawa za mashambani na mashine za kujengea reli. Hakuna aliyenibishia.

Fundi simu akadokeza kwamba nyumba isiyo na ethi nzuri, ule waya wa umeme unaozikwa ardhini, huleta kelele kwenye vyombo vya sauti. Nikaona hilo ndilo jibu. Ijumaa alfajiri niliifunga monita kwa blanketi, nikabeba na kompyuta, nikapanda basi kwenda Mikumi kuijaribu kwa umeme wa nyumba nyingine. Njia nzima niliipakata magotini, na kila shimo la barabara nililisikia kwanza tumboni.

Mwalimu wa kwaya alinipokea kwa shikamoo na chai. Nikaupanga mtambo kwenye meza yake ya sebuleni, karibu na mlango uliokuwa wazi. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la busara au la ukorofi. Nilipandisha sauti ya monita hadi mwisho, pale ambapo hata mimi niliisikia shiii, nikamvalisha hedifoni bila wimbo wowote.

"Nimeitengeneza," nikasema. "Imeisha?"

Aliitikia kwa kichwa. "Imeisha, mwalimu."

Nilimuuliza kwa ukali nani alimfundisha kusema uongo, maana si mimi. Lakini ndani haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Kama huyu anaweza kuniambia imeisha huku inamkereketa masikioni, basi yote niliyoambiwa kwa miaka miwili ya kurekodi, kazi nzuri mwalimu, safi sana mzee, niyaweke wapi?

Aliziweka hedifoni mezani taratibu. "Hukuniuliza kama inasikika, mwalimu. Uliniambia kwanza umeitengeneza. Ningekujibu nini?"

Akaniomba nivae hedifoni, kisha akasema kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia darasani kuwapima masikio: "Geukia ukutani. Ukiisikia, nyoosha mkono."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na kalenda ya kanisa. Nyuma yangu alikuwa anapandisha sauti ya monita kutoka sifuri kuelekea mia, hatua moja moja. Nilisubiri. Niliusoma mwezi mzima, nikaurudia. Nilianza kuamini kwamba hajaanza, kwamba ananifanyia kama nilivyomfanyia. Hatimaye ikaja, nyembamba, nikanyoosha mkono.

"Themanini na mbili," alisema.

"Na wewe?" nikauliza, nikampa hedifoni.

Akazivaa, akaanza tena sifuri. "Kumi na tano."

Nikazivaa tena, nikamwambia anipime upya. Akarudia. Ikawa themanini na nne.

Kisha akachomeka hedifoni zilezile kwenye simu yake, ambayo nilikuwa nimeshamtumia nyimbo, akasikiliza moja baada ya nyingine. Mimi niliutazama uso wake muda wote kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akasema shiii haimo, nyimbo hazina tatizo hilo, ni tundu la monita tu. Hilo ndilo nililosafiria, na sikufurahi.

"Na tatizo lingine?" nikauliza. Akainama. "Sema, mwanangu. Sasa sema."

"Zinachoma, mwalimu. Sauti ya kwanza inachoma masikio. Za mwaka jana nazo zilichoma. Tulidhani ndivyo unavyozitaka."

Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikisogeza kile kitufe cha sauti kali kwenye kompyuta, kila mara juu kidogo, nikisema waimbaji wa siku hizi wamefifia. Niliona aibu, aibu ya mtu mzima isiyokuwa na pa kuiweka. Nikampa kiti changu mbele ya kompyuta.

Alikishusha kitufe taratibu. Kwangu wale kina mama walirudi nyuma, wakaingia ndani, wakafunga mlango. Yeye akasema hapo sasa, hapo ndipo walipo. Nililazimika kumwamini. Tukazipitia zote kumi namna hiyo, yeye akisikiliza na mimi nikiangalia mkono wake, na kufikia adhuhuri kazi ilikuwa imekamilika.

Nikatoka nje kupunga hewa. Jua lilikuwa utosini, na miti ya ng'ambo ya barabara ilisimama bila upepo. Naye akaja akasimama pembeni yangu. Kimya kilikuwa kilekile cha Kilosa, na sasa kilinitisha.

"Nyenje," nikamuuliza. "Huku nako wameisha?"

Alitazama miti, akanitazama mimi. Nilimwona akitafuta jibu la heshima, kisha nikamwona akiliacha.

"Wanalia, mwalimu," alisema. "Hata sasa napaza sauti kwa sababu ya kelele zao."