Jumamosi Papa Alipogawa Vifaa Vyake

Kuna Jumamosi moja inanirudia kichwani hata katikati ya somo la hesabu, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu. Wewe uko mwaka wa kwanza sehemu ya umeme, mimi niko wa tano, na katika bweni letu hiyo inatosha mtu kuitwa mzee na kupewa kitanda cha dirishani. Basi kaa vizuri.

Papa yangu ni mhandisi wa simu. Alizaliwa na kusoma Bukavu kama wengi wetu tuliorudi nchi ya wazee wetu, na tulipovuka kuja Cyangugu baada ya vita alikabidhiwa mitambo ya simu ya hapa mjini. Mitambo ile ilikuwa ukuta mzima wa vyuma vidogo vinavyogongana. Mtu akipiga simu, ukuta unaanza kutafuna. Halafu ikaja habari kwamba ukuta utang'olewa, na mahali pake patawekwa sanduku linaloongozwa na kompyuta. Sanduku halitafuni, na Papa hakujua hata linafunguliwa upande gani.

Kila mwezi wahandisi wa huku hukutana kwenye ukumbi wa parokia, karibu na ziwa. Wapo wa umeme, wa barabara, wa viwanda vya chai, na wanaovuka kutoka Bukavu mpaka wa nchi ukiwa wazi. Wanafundishana teknolojia mpya, na wanaelezana nani anaacha kazi gani anaingia gani, maana vita vilimgeuza mhandisi wa maji akawa muuza saruji, na wa saruji akawa mwalimu wa hesabu. Mwezi ule walikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya simu za kompyuta huko Kigali, na Papa aliiomba. Akiipata, anabaki kazini. Akiikosa, anang'olewa pamoja na ukuta wake.

Mimi nilimsaidia kubeba sanduku la vifaa. Ukweli ni kwamba nilifuata sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani.

Sasa sikiliza desturi yao. Anayebadili kazi haendi mikono imejaa. Anapanga vifaa vyake vya zamani mezani, anakieleza kimoja kimoja, wenzake wanachukua, na haruhusiwi kuketi mpaka meza iwe tupu. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Wameshaona wengi waliokwenda kusoma kitu kipya huku roho imebaki kwenye kisanduku cha zamani, wakarudi hawana hiki wala kile.

Mwenye kikao alikuwa Maman Nshobole. Zamani alipima madaraja. Siku hizi anauza vitenge, leo Bukavu, kesho Kamembe. Papa akasimama mbele yake, akaanza na koleo, akaja kwenye bisibisi, kila moja na historia yake ndefu kuliko misa ya Pasaka. Alipoinua brashi na kusema ndiyo alisafishia vyuma vya mitambo kila asubuhi, sikuweza kujizuia.

"Papa, kumbe ukuta ulipigwa mswaki kuliko sisi."

Ukumbi ukacheka. Maman Nshobole hakucheka.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Ni wangu," Papa akasema, kama mtu anayekiri kwamba paa lake linavuja.

"Kuya huku, weye. Anayecheka wa kwanza ndiye anasaidia kugawa. Na simama sawasawa, meza ya muntu haiko sinema."

Nikagawa. Koleo kwa huyu, brashi kwa yule, mpaka kikabaki kitu kimoja: mkono wa simu usio na sanduku lake, mweusi, wenye waya mbili zinazoishia kwenye vibanio. Fundi hubana vibanio hivyo kwenye laini ili asikie kama inafanya kazi. Nilinyoosha mkono nikichukue. Papa akaweka kiganja juu yake.

"Hiki hapana."

Papa akakiangalia kile kitu, akazungumza polepole.

"Tuliporudi, watu walijaa kituo cha simu tangu asubuhi kutafuta ndugu zao. Laini zilikuwa mbovu, nikawa nazisikiliza kwa hiki zisikatike. Ndiyo maana nilisikia. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walitaja jina, wakanyamaza, wakangoja. Mama mmoja alitaja watoto wake wote, jina baada ya jina, na upande wa pili akajibu mmoja tu. Alisema, 'Nipo.' Halafu laini ikaanza kukatika. Nikazishika zile waya mbili kwa vidole vyangu, nikazibana hivyo mpaka wakamaliza kuongea."

Mwanangu, nimekula sahani moja na mtu huyo tangu nizaliwe, nimemcheka anavyokoroma, na sikujua vidole vyake vimeshika nini. Nilivitazama kama unavyotazama ziwa siku unapoambiwa kina chake.

Maman Nshobole akashusha sauti, akamwita Papa kwa jina langu mimi mtoto wake.

"Papa Serge, miye nilikuwa na darubini ya kupimia madaraja. Niliifunga ndani ya kitenge, chini ya kitanda. Kila asubuhi naifungua, naiangalia, nachelewa soko. Siku niliyoitoa nililia mpaka batoto wakaita jirani. Hatukwambii usahau. Tunakwambia mukono uko na nafasi moja."

"Papa, nipe mimi," nikasema. Nilifikiri kwangu kitakuwa bado nyumbani, na yeye atakuwa ametoa.

Akatikisa kichwa. "Kwako kitaning'inia kwenye msumari." Akageuka. "Papa Cirhuza, hospitali kwenu simu za ndani bado ni za waya?"

Papa Cirhuza, fundi wa hospitali, alikuwa amevuka asubuhi hiyo kutoka Bukavu.

"Za waya, na nusu zimekufa. Watu wanakimbia vita vijijini, wanakuja kutafutana kitanda kwa kitanda. Miye nasikiliza laini kwa sikio la redio iliyovunjika."

Papa akakifuta kwa shati lake, akaniwekea mikononi. "Mpelekee."

Nilitembea nacho katikati ya ukumbi kama shemasi aliyebeba kikombe, na sikuona cha kuchekesha. Papa Cirhuza akakipokea kwa mikono miwili, akakitia ndani ya koti. Nilipogeuka, Papa alikuwa anapitisha kiganja juu ya mbao tupu za meza. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Nafasi ya Kigali ni ya Papa Serge," Maman Nshobole akasema. "Na kule mwalimu ni kijana sana. Utamwita mwalimu."

"Nitamwita mwalimu," Papa akasema.

Basi, mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Kazi unayoisomea sasa itakubadilikia siku moja ukiwa umeshaizoea. Usiing'ang'anie, na usiitupe. Tafuta mahali ambapo bado inahitajika uipeleke, halafu uende ukakae dawati la mbele kama mgeni. Na ukimwona mtu mzima anaanza upya, msogezee kiti kwanza. Utani utapata wakati wake, mimi nitakukumbusha.

Mungu akupe kazi utakayoipenda mpaka kuiacha kukuume. Na siku hiyo akuzungushie watu wa kusimama nawe mpaka meza yako iwe tupu.