Mwenye Kisima cha Rongui

Nilipokuwa mtoto wa kumfuata mama kila aendako, niliambiwa kwamba kuna maji yenye mwenyewe. Yalikuwa ya kisima cha Rongui, kisiwa ambako baba na wenzake walipiga dago, kambi yao ya kuvulia. Huyo mwenye kisima hakuna aliyewahi kumwona, ila tabia zake kila mtu alizijua, utadhani ni jirani mkorofi. Mgeni hakutakiwa kuyagusa maji mpaka mwenyeji amchotee, amwage kidogo mchangani na kusema, "Huyu wetu." Aliyekunywa kabla ya hapo, mwenye kisima aliyafuata maji yake tumboni.

Tulivuka kwa boti kutoka Mocímboa, mama, mimi na mdogo wangu Bakari. Jua lilikuwa kali na dumu letu la maji liliisha njiani. Tulipofika watu wazima walianza kusalimiana, na salamu za kwetu hazina haraka. Bakari akaiona ndoo kando ya kisima, akaiinamia, akanywa mpaka akatoka anahema. Nilimwonea wivu.

Kesho yake tumbo likaanza kumwendesha, kisha akatapika. Baba alikuwa baharini na boti iliyotuleta ilikwisha kuondoka. Aliyebaki nasi ni shangazi Somoe, dada yake baba, mpishi wa kambi. Alimpenda sana Bakari. Nguo zake zote zilizochafuka alizifua yeye, bila kukunja uso. Lakini maji aliyakataza.

"Usimpe, wifi," alimwambia mama. "Yule anachukua maji yake. Ukimwongeza mtoto, naye anazidi kuvuta."

"Mbona analia kiu?"

"Anayelia si mtoto. Ni yeye ndo anayataka."

Na ilionekana hivyo kweli, maana kila alichokunywa kilitoka, tena kwa wingi. Mama aliamini alichokiona mkekani. Macho ya Bakari yalizidi kuingia ndani, midomo ikampasuka, na baadaye akawa analia bila machozi. Aliponiona mimi akasema, "Dada, maji." Nikamtazama mama. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili mapajani, na hakuinua uso.

Kabla ya alasiri Bakari alinyamaza. "Alhamdulillahi," shangazi akasema, "kamwachia." Tukakaa kimya tusimwamshe. Mama ndiye aliyemgusa kwanza.

Siku hizi nafanya kazi ya afya Awasse. Nawafundisha kina mama kwamba mtoto anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji mwilini, na kwamba anapoharisha ndipo anywe zaidi. Nawaambia anayesafiri achukue maji yaliyochemshwa na pakiti za soro, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, anawe mikono kwa sabuni, na akiona damu au mtoto amelegea asisubiri, akimbilie hospitali. Nayasema haya kwa ukali, mpaka wananitania kwamba nimeolewa na soro. Shangazi nilimchukia miaka mingi, sasa namhurumia tu. Ila sauti ya Bakari haijaniacha. Huja nikiwa nimeshika kikombe, na mara nyingine nageuka kuangalia nani ameniita.

Juzi juzi nilimpeleka mwanangu mdogo kumwona bibi yake Mocímboa, akaanza kuharisha njiani. Tulipofika nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikakoroga soro, nikaanza kumnywesha kwa kijiko. Akatapika. Nikangoja kidogo, nikaanza tena.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. "Anatapika nawe unampa?"

"Nampa kidogo kidogo, mama."

Hakuondoka pale siku nzima. Jioni mtoto alikojoa, akaomba uji, na mimi nikapumua. Mama alimwangalia anavyokunywa, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na Bakari?"

Kina mama wa Awasse wote nawaambia ukweli. Huyu alikuwa mama yangu, amezeeka, na kwa miaka yote hiyo alikuwa mfiwa tu. Niliogopa kumpa jina jingine.

"Bakari alichukuliwa na mwenye kisima, mama."

"Haya, mwanangu," akasema. Kisha akanyoosha mkono akachukua kijiko kutoka kwangu, akaendelea kumnywesha mjukuu wake yeye mwenyewe, na hata mtoto aliposhiba na kugeuza uso hakuacha.