Kicheko Nilichokikata

Kwenye ukuta wa idara yetu ya uandishi wa habari kuna orodha ya tuzo walizopata wanafunzi. Imechapwa kwa herufi nene, imetiwa kwenye fremu ya kioo, na mzazi yeyote anayekuja kuulizia nafasi ya mwanawe husimamishwa mbele yake kabla hajaonyeshwa hata darasa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliiandama orodha ile kwa maswali. Majaji walikuwa nani? Kazi ngapi zilishindanishwa? Inakuwaje mtu aitwe mshindi wa tatu katika shindano ambalo, kwa nilivyosikia, lilikuwa na washiriki watatu? Wenzangu walinichoka. Mwalimu wetu wa redio alinimaliza mbele ya darasa zima: "Dada, ukipata yako ndipo uje utuulize."

Nikapata yangu. Mstari wa saba kutoka juu ni mimi: makala bora ya redio ya wanafunzi, "kwa ujasiri wa kufichua mateso ya wazee majumbani." Katika maneno hayo yote, la kweli ni moja tu, redio.

Kwetu ni Pongwe, lakini shangazi yangu ameolewa Moa, karibu na mpaka. Mwaka wa tatu nilikwenda kukaa kwake wiki moja ili nitengeneze makala juu ya vijana wa bodaboda wanaobeba wagonjwa kwenda zahanati. Jirani wa shangazi alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akimuuguza mama yake. Kikongwe huyo alikuwa wa kulala tu. Siku mbili nilimwona yule binti kwa macho yangu, asubuhi akimtoa mama yake uani kwa kumkumbatia kama anayebeba mtoto, akimlaza mkekani apate jua, akimpulizia uji kijiko kwa kijiko. Kaka yake, mtoto mwingine pekee, yuko Pemba na mikarafuu yake. Siku ya tatu kikongwe akafariki.

Makala ya bodaboda ikasimama, kijiji kizima kilikuwa msibani. Nikamuuliza shangazi kama naweza kurekodi. Akaenda kumuuliza mfiwa, akarudi. "Rekodi tu mwanangu, mawaidha ya leo ni mazuri." Walidhani ninataka mawaidha ya sheikh.

Kesho yake, wanawake wakiwa wamejaa uani, macho yamevimba, mlango wa nyuma ukafunguka akaingia marehemu. Ndivyo ilivyoonekana. Kanga zake mbili alizozipenda, zimefungwa vilevile alivyokuwa akizifunga, fimbo yake mkononi, mgongo umepinda, na kile kikohozi chake cha vipande vipande. Alikuwa mtani wao, mama mmoja wa Kibondei aliyetoka Muheza asubuhi ile. Asiyezijua desturi za kwetu ajue tu kwamba mtani msibani ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine. Anaweza kuzuia jeneza, anaweza kumwiga marehemu, anaweza kumtukana mfiwa, na haruhusiwi mtu kumkasirikia; kazi ikiisha hupewa mchele wake akaenda zake.

"Nipisheni! Nimerudi miye!" akasema kwa sauti ya kikongwe. "Nimefika huko nikaambiwa, aliyekufa na njaa hapokelewi, rudi ukale kwanza. Basi nimekuja kula!" Akamnyooshea fimbo mfiwa. "Huyu! Huyu kaninyima uji miaka mitatu. Anafunga mlango, anakula wali wa nazi peke yake, miye napewa harufu!"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mfiwa mwenyewe, ambaye tangu jana alikuwa akilia tu, alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akajibu huku machozi yakimtoka: "Urongo mtupu! Weye ndiye mlafi! Ulikuwa ukija kumjulia hali unamlia uji wake, mwenyewe anakutazama!"

"Nilikuwa nauonja chumvi!"

"Unaonja bakuli zima?"

Yote hayo yamo katika rekodi yangu, kikohozi, kicheko, mpaka mlio wa vyungu.

Nilirudi chuoni nikakaa kwenye kompyuta ya studio na hedifoni masikioni. Ile sauti ya "kaninyima uji miaka mitatu" ikanishika. Ilikuwa sauti ambayo mtu hawezi kuiandika. Na hapa ndipo kichwa changu, kichwa changu kinachohoji kila kitu, kilipofanya kazi yake. Nikajiuliza: kwa nini waseme uji? Kwa nini waseme njaa? Nani anajua nyumbani kwa watu kunapita nini mlango ukifungwa? Nikajiambia utani ni mahali ambapo jamii huficha yale inayoona haya kuyasema. Nilikuwa nimesoma jambo la namna hiyo mahali. Niliihoji desturi, nikawahoji waliocheka, nikaihoji hata huruma yangu mwenyewe. Mtu mmoja tu sikumhoji, aliyekuwa amevaa hedifoni.

Mwalimu wa redio alikuja kusikiliza. "Hiki kicheko kinavuruga," alisema. "Msikilizaji hatajua alie au acheke."

"Mwalimu, huyu ni mtani lakini."

"Si wewe unayetuambia kila siku kwamba kila desturi ina jambo inalolificha?"

Nikakikata. Kicheko chote, pamoja na majibu ya mfiwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kwenye maelezo yangu sikusema "mtani", nikasema "mwanamke aliyemfahamu marehemu". Si uongo, alimfahamu. Nikaongeza sauti ya mvua niliyoichukua kwenye makala nyingine. Moa siku ile haikunyesha hata tone.

Makala ikarushwa, ikashinda. Nikapewa kipaza sauti cha kioo kilichosimama juu ya kibao cheusi, nikapigwa picha na watu ambao hawakuuliza mvua ile ilinyesha wapi.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja shangazi akanipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeketi kabisa ili aseme vizuri.

"Mwanangu, lile jambo lako limefika Pemba."

Kaka wa yule jirani, ambaye hakuwahi mazishi, alikuwa amekaa na wenzake wanachambua karafuu, redio inasema. Hakuna jina lililotajwa, lakini kijiji kilitajwa, na sauti za watu wa kwao anazijua. Wenzake wakamtazama. Akampigia dada yake simu mara moja tu. Akamwambia hitma ya mwaka ya mama yao waisome wenyewe, yeye hana dada. Tangu siku hiyo hapokei simu yake.

"Hitma lini?" nikauliza.

"Mwezi ujao. Na yule mama hali, halali. Mtu aliyemuuguza mamake miaka mitatu, leo ndiye muuaji." Kisha shangazi akasema taratibu, "Na weye ulimwona, mwanangu. Ulimwona anavyompulizia uji."

Nilikwenda Moa Ijumaa ile ile. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani. Yule mama alinikaribisha, akanipa maji, akaniacha niyaseme yote mpaka mwisho.

"Sasa radhi unaniomba miye ya nini?" akasema. "Miye najua sikumnyima. Hapa kila mtu anajua, mpaka kuku wanajua. Kamwambie asiyejua."

"Nimempigia, akanikatia. Amesema na waandishi haongei."

"Basi ana akili." Akachukua bilauri yangu tupu. "Uliyapitishia redioni. Yarudishe huko huko."

Nilidhani ni jambo la siku mbili. Rekodi kamili ilikuwa kwenye kompyuta ya studio. Ningeichukua, ningemtumia kaka mtu, na redio ingerusha masahihisho. Masikini mimi.

Mtunza studio alisema kazi iliyoshinda imefungiwa, hawezi kuitoa bila idhini ya idara. Idara ikasema niandike barua. Nikaandika. Ikasema barua ipitie kwa mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo akaisoma amesimama mlangoni.

"Unataka kurudisha tuzo?"

"Nataka kusahihisha makala. Tuzo pia, ndiyo."

"Unajua ukirudisha yako unarudisha na yetu?"

"Mwalimu, kuna mtu kapoteza ndugu yake."

"Na mwakani tukipoteza wanafunzi?" Akaikunja barua vizuri. "Wazee kunyanyaswa kupo au hakupo nchini?"

"Kupo."

"Basi makala ni ya kweli. Isipokuwa labda kwa nyumba ile tu."

Nilikaa na sentensi ile siku nzima. Kilichonikera zaidi ni kwamba ilikuwa na mlio wangu. Ni aina ya jambo ambalo ningelisema mimi mwaka wa pili, mguu mmoja juu ya kiti, na darasa lingetikisa kichwa kwa kukubali.

Waandaaji wa tuzo nao niliwaandikia. Walijibu haraka kuliko wote. Walisema utaratibu wao hauna kipengele cha kurudisha, wakanipongeza tena, wakaniomba picha yangu iliyo kubwa zaidi kwa ajili ya kijitabu chao.

Zikabaki siku tisa kabla ya hitma. Ndipo idara ikaandaa siku ya kuwapongeza washindi, mbele ya mwaka wa kwanza na wazazi. Kila mshindi apewe dakika tatu aeleze kazi yake na kuwasikilizisha kipande. Nikarudi kwa mtunza studio. Nikamwambia, na hili lilikuwa kweli tupu, kwamba nahitaji rekodi yangu kwa ajili ya hafla ya idara. Akanipa zote, ile iliyokatwa na ile nzima, bila kuuliza. Barua zote zile, na kumbe mlango unafunguka kwa neno hafla.

Siku yenyewe nilipanda jukwaani na kipaza sauti changu cha kioo kwapani. Nikawasikilizisha kwanza kipande kilichoshinda. Mama mmoja mstari wa mbele akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Kisha nikasema, "Sasa sikilizeni kama ilivyokuwa," nikaachia rekodi nzima.

Kilipokuja kile kicheko, ukumbi mzima nao ukacheka. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Walipofika kwenye "unaonja bakuli zima?" yule mama wa mtandio alikuwa amejishika mbavu. Halafu, mmoja mmoja, wakaanza kunyamaza. Niliona nyuso zikihesabu: kama hiki ndicho kilichokuwapo, kile cha kwanza kilikuwa nini?

"Nilikikata mimi," nikasema. "Na siku ile mvua haikunyesha."

Mwalimu wa redio alikuwa ameshafika jukwaani. Akachukua kipaza sauti cha ukumbi mkononi mwangu kwa upole kabisa. "Tumpigie makofi mshindi wetu kwa unyenyekevu wake," akasema. Wakapiga. Nilitamani nipige kelele. Nikiwa nashuka, kijana wa mwaka wa kwanza alinifuata mpaka mlangoni, daftari liko wazi. Nikafikiri, angalau huyu mmoja.

"Dada, samahani, ile sauti ni safi sana. Ulitumia mashine gani?"

Redio, niliyokuwa nimeiandikia pia, ilirusha masahihisho alfajiri moja, sentensi mbili, kabla ya matangazo ya vifo. Sikuyategemea. Rekodi nzima nilikuwa nimekwisha kumtumia yule mama wa Moa kwenye simu, naye akaituma Pemba bila kuandika neno lolote.

Siku nne hakuna jibu. Ya tano kaka mtu akapiga. Shangazi alikuwepo, akanihadithia. Hakumwomba dada yake radhi wala hakumtaja mama yao. Alisalimia, akakohoa, akauliza, "Na yule mlafi wa Muheza, mlimpa mchele wake au aliondoka hivi hivi?"

Dada mtu alimpa shangazi simu, akaingia ndani.

Kaka mtu alikuja kwenye hitma. Nilimwona, mtu mrefu, kanzu imemwia fupi, akibeba masufuria ya pilau pamoja na vijana. Mimi alinipa mkono, akautoa, akarudi kwenye masufuria. Haki yake. Nilikuwa nimechukua kile kipaza sauti cha kioo kwenye mfuko nikiwa na wazo lisilo na kichwa la kumkabidhi yule mama. Angekifanyia nini? Nilikuwa bado sijakitoa pale mtani alipotokea nyuma yangu, akaingiza mkono mfukoni kama anayetafuta ufunguo wake mwenyewe.

"Hiki ndicho?" akakiinua juu watu wakione. "Nyiye, sauti iliyoshinda ya nani?"

"Yako!" wakaitikia wanawake.

"Nani alikohoa mpaka mbavu zikauma?"

"Weye!"

"Basi huyu binti mwizi. Ukikitaka, njoo ukikomboe kwa jogoo. Na awe mnene, si hao wenu wa Pongwe wanaokula vumbi." Wote wakacheka, na yule mama akacheka, na kaka yake, aliyekuwa ameinamia sufuria, akatazama upande mwingine ili asionekane.

Sijapeleka jogoo. Orodha bado iko ukutani, mstari wa saba, na kioo chake hufutwa kila Jumatatu. Shangazi anasema kule Muheza kipaza sauti changu kiko juu ya kabati la vyombo, na mgeni akiuliza huambiwa kwamba mwenye nyumba alikipata kwa kusema urongo mzuri kuliko mtu yeyote wa mkoa huu.