Iride Anapotia Tambi

Bonde zima lilimjua Learco kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Miaka yake yote ya kupiga plasta alirudi nyumbani kwa pikipiki yake nyekundu, na kila akifika kona ya kinu cha kusagia nafaka alishusha gia mbili kwa mpigo. Injini ikanguruma, ikakohoa mara moja, halafu ikaupanda mlima. Mkewe Iride, aliyekuwa jikoni, akisikia tu kikohozi kile alitia tambi kwenye maji. Learco anaegesha, ananawa mikono, sahani iko mezani. Kwetu kila mke alipika hivyo, kwa injini ya mumewe, na aliyechanganya injini tambi zilirojeka, wakala uji nyumbani kwake. Iride hakuchanganya hata siku moja. Loo, zilikuwa jioni hizo! Injini zinalia bonde zima, nyanya zinachemka, na hakuna aliyejua kwamba mambo hayo yana mwisho.

Siku ya harusi Learco alikuwa amemwahidi mkewe: "Ipo siku utaniona nikikimbia kwenye uwanja wa mbio wa kweli, si kona hizi za mbuzi." Wakaja watoto, likaja paa linalovuja. Alipostaafu, kisukari kilikuwa kimeshachukua macho ya Iride.

"Sasa nitaona nini, mzee?" Iride alimuuliza.

"Basi utasikia."

Fedha yenyewe ilikuwa ya pensheni, na pensheni ya mpiga plasta mnaijua. Delmo, jirani yao, fundi aliyestaafu na mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake, aliizunguka ile pikipiki akicheka.

"Nguvu ya injini achana nayo. Kwanza isimame, pili ikate kona. Kwenda itakwenda tu."

Wakanunua breki mpya na mafuta yake, basi. Matairi waliyapata kwa kijana mmoja wa mashindano, aliyeyaona yamechakaa baada ya kuyatumia siku moja. Boliti za injini walizifunga kwa waya wa kufungia mizabibu, zisije zikafunguka uwanjani. Springi za mbele zilikuwa zimelegea na mpya hazishikiki bei. Hapo Iride akapapasa kabatini akatoa kopo la biskuti lililojaa sarafu za lira, fedha yetu ya zamani, ambazo siku hizi hata benki hawazitaki. Delmo akazipanga juu ya springi, ndani ya mirija ya gurudumu la mbele, mpaka zikakaza sawasawa.

"Nilijua nitazitumia," Iride akasema, na wote watatu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kosa likawa kwenye ekzosi. Kwetu mwanamume kunyamazisha injini ni aibu, kwa hiyo Learco aliitoa utumbo wote ili Iride asikie vizuri. Wakaenda uwanjani majira ya kuchipua, siku ambayo yeyote anayelipa huruhusiwa kuzunguka, mkaguzi akaweka mashine yake ya kupima kelele nyuma ya pikipiki, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, kwa kelele hii huingii. Ipunguze, urudi."

Iride alikuwa ameshaketi kando ya uzio, mkate na jibini mapajani, uso ameuelekeza barabarani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia upesi. Wakati wa kurudi, kwenye kona ya kinu, Iride alimgusa mumewe bega.

"Nimekusikiliza asubuhi nzima," alisema.

Learco akaona heri angepigwa kofi.

Kiangazi chote hakupata raha. Akiiacha na kelele, hatapita getini. Akiinyamazisha, mkewe atamjuaje kati ya pikipiki lukuki?

"Chagua," Delmo alimwambia.

"We Delmo, ndoa unaijua wewe?"

"Nimeoa mara mbili, bwana. Ndiyo maana nakwambia chagua upesi."

Akaichagua njia ya getini. Akakata kipande cha bomba, akakitoboa matundu, akakizungushia waya wa kusugulia sufuria, akakisokomeza ndani ya ekzosi. Alipoiwasha ilisikika kama cherehani. Roho ilimuuma, haki ya Mungu, kama aliyemziba mdomo rafiki yake.

"Nani kaiba vyuma vyangu vya kusugulia?" Iride aliita kutoka jikoni.

"Panya!" akajibu Delmo.

Mwezi wa Septemba mkaguzi alipima, akampungia mkono apite. Iride aliwekwa kwenye uzio wa kona kali kuliko zote, Delmo pembeni yake akiwa ameapishwa na Iride mwenyewe: asitamke neno.

Mzunguko wa kwanza vijana walimpita Learco kushoto na kulia. Alipoikaribia ile kona, mguu wenyewe ulishusha gia mbili, kama ulivyofanya kwenye kinu maisha yake yote. Breki zikashika, sarafu zikabeba uzito, injini ikakohoa mle ndani ya waya, kikohozi cha mgonjwa aliyejifunika blanketi. Hakuthubutu kutazama uzio. Aliogopa kumkuta ameketi vilevile, uso barabarani, akingoja.

Mzunguko wa pili aliwafuata vijana wanne waliompita, wakaingia konani mbele yake mmoja mmoja, na Iride hakutikisika. Learco akashusha gia, safari hii akatupa jicho uzioni. Injini ikakohoa.

Iride akasimama. Akainua mkono, akafumbata hewa, akaiachia chini taratibu, vilevile anavyotia tambi kwenye sufuria.

Delmo anaapa mpaka leo kwamba hakufungua mdomo. Learco alilia ndani ya helmeti, akakosa kona iliyofuata, akaishia kwenye nyasi, na alipofanikiwa kurudi barabarani hakutafuta kumpita mtu. Alizunguka tu mpaka muda ukaisha, na kila alipofika pale mkewe alimtilia tambi.