Nilipiga picha ya jirani akichuma chai, nikamharibia maisha

Wakuu, habari za huko mliko. Huku Kimulot mvua imeanza asubuhi na duka halina mteja, kwa hivyo leo nalitoa hili jambo lilivyo, hata pale panaponiaibisha. Sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa simu. Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba pale Bomet, kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio. Nikaanza kupiga mashamba ya chai, ukungu ukishuka kutoka msituni, ng'ombe wa watu, chochote. Naweka mtandaoni. Napata likes kumi na moja, na moja ni ya dada yangu.

Lakini nilipenda, wakuu. Mtu anaishi miaka thelathini na mbili katikati ya chai, halafu siku moja ndio anaiona.

Sasa, jirani yangu ni mama mzee ambaye sote tunamwita Kogo, yaani nyanya. Ni mjane, alikuwa anaishi peke yake, na kashamba kake ka chai ndiko kalikuwa kanamlisha. Vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, hata kufunga vifungo vya sweta ni kazi.

Kwa wasiojua chai: kiwanda chetu kinataka majani yaliyochumwa kwa mkono, mawili na chipukizi. Ukipatikana unakata na makasi, una kesi.

Asubuhi moja nilimwona Kogo shambani, ukungu umemzunguka, jua ndio linachomoza nyuma yake. Video za mafunzo zilikuwa zimeniambia picha kali ni candid, ile mtu hajui anapigwa. Nikajibanza nyuma ya ua, nikapiga, nikaondoka kimya kama mwizi wa kuku.

Ile picha ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nikaandika chini yake, "Mikono iliyotulea." Kufikia jioni ilikuwa imeingia magroup ya Bomet yote mpaka Kericho. Nilikuwa natengeneza simu za watu huku nikichungulia likes, kichwa kimevimba.

Halafu mtu mmoja akazoom. Akauliza, hayo si makasi?

Yalikuwa makasi. Mimi niliangalia uso na mwanga. Mikono niliyoisifu sikuitazama.

Siku ya kupeleka majani kituo cha kununulia chai, karani wa kiwanda alimwonyesha Kogo simu mbele ya foleni nzima. Dada yangu alikuwepo. Anasema Kogo, ambaye hana smartphone, kwanza alitabasamu kujiona. Kisha akaelewa. Majani yake yakamwagwa chini na namba yake ya mkulima, ile ya kuuzia chai kiwandani, ikasimamishwa. Hakubishana. Alichukua kikapu akarudi nyumbani.

Nilifuta picha siku hiyo hiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wameshaihifadhi. Nikaenda kiwandani kumwombea, nikaambiwa niandike barua, nikaandika. Mpaka leo sijajibiwa.

Nikaenda kwake na sukari na unga. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Akanikaribisha, akanimiminia chai, akauliza hali ya mama yangu. Nilipoanza kuomba msamaha akanikatiza.

"Weri," alisema, yaani mwanangu, "si ungenisalimia tu. Ningeweka hiyo makasi chini."

Huku kwetu hupiti mtu mzima shambani bila kumsalimia, hata ukiwa na haraka namna gani. Mimi nilipita, nikaita hiyo sanaa.

Kijana wake alikuja kumchukua, sasa anakaa na familia ya huyo kijana huko Sigor. Nasikia hali chakula vizuri. Chai yake imeachwa, imekuwa miti. Naiona kila nikifungua duka na inaniuma sana.

Funzo langu ni hilo: salimia kwanza, hata kama picha itaharibika. Ile iliyoharibika haina hasara kwa mtu.

Wapiga picha wa humu, nyinyi huwa mnafanyaje? Mnaomba ruhusa kabla, au mnapiga kwanza? Na kuna anayejua njia ya kurudishiwa namba ya mkulima? Wa kunilaumu pia karibuni, sitajibu vibaya.

Na kama wewe ni wa Bomet au Kericho na bado unayo hiyo picha kwenye simu yako, nakuomba uifute. Najua ni nzuri.