Pembe za Mchana

Nakumbuka siku moja ya gulio mvua ilitukamata Lushoto mjini, mimi, mama mkwe wangu na binti yangu Zawadi, ambaye bado alikuwa na meno yake yote ya utoto. Tulitoka Mlola alfajiri na gari la mboga. Kabichi zilikuwa zimekwisha, matenga matupu, nikawapeleka maktaba tujikinge. Mwanangu, maktaba naipenda tangu nikiwa msichana. Ule ukimya wake ulinipumzisha kuliko kitanda, na kila gulio lazima nipite, hata kama nina matope miguuni.

Zawadi naye aliipenda. Ila kwetu hadithi ni za usiku, jikoni, karibu na moto. Ukisimulia mchana unaambiwa utaota pembe. Nililelewa hivyo, na nilipoolewa mama mkwe akanikazia hivyo hivyo. Basi Zawadi akiniletea kitabu cha picha, namwambia, "Hadithi ni usiku, mwanangu." Usiku ukifika kitabu kimebaki mjini, nami nimechoka hoi, nalala kabla yake. Usinicheke, jirani yangu. Wewe huogopi pembe, lakini simu ikiita unamtua mtoto chini.

Siku hiyo Zawadi alitoa rafuni kitabu chenye picha ya sungura, akanitazama, kisha akakirudisha. Hakuomba. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, kama mgeni.

Mama mkwe alimwona. "Mbona mtoto amerudisha kitabu?"

"Ni mchana, mama. Ataota pembe."

Akaangua kicheko mpaka mtunza maktaba akatutolea macho. "Nani kakwambia?"

"Si wewe, mama?"

"Mimi nilisema vile ili watoto wasiache palizi! Humu ndani kuna shamba? Jembe lako liko wapi?" Akainuka mwenyewe, akakileta kile kitabu, akaniwekea mapajani. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni. "Msomee. Huyu ameshaanza kuacha kukuomba, huoni? Akiacha kabisa, utampata wapi?"

Maneno yale yalinichoma. Nikasoma kwa kunong'ona, Zawadi akaniegemea ubavuni. Tulipomaliza akapapasa kichwa chake huku na huku, kisha akapapasa cha bibi yake, kisha changu.

"Hazijaota," akasema.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu: tunasoma, tunapapasana vichwa, tunakimbilia gari.

Mama mkwe tulishamzika. Zawadi yuko Mwanza na kazi yake na mtoto wake. Mimi bado napita maktaba siku za gulio. Nakaa kwenye benchi lile lile, nafungua kitabu cha watoto, na ubavu wangu alikokuwa akiniegemea una baridi. Namkumbuka yule mtoto mdogo hadi kifua kinauma, ingawa mwenyewe ni mzima na tunaongea kila Jumapili baada ya ibada.

Mwanangu, juzi nilikusikia ukimwambia mwanao, "Subiri kwanza." Sikugombezi, najua uchovu ulivyo. Lakini akikuletea kitabu, kiwe cha kuazima au kimechanika, mpakate umsomee japo ukurasa mmoja, iwe mchana au usiku. Usingoje ajue kusoma, usingoje kazi ziishe, maana haziishi. Mpeleke maktaba hata kama atapiga kelele, mtafukuzwa leo mtarudi kesho. Mtoto hatakulalamikia miaka yote. Siku moja ataacha tu kuomba, na wewe utadhani ametulia.

Jumapili iliyopita Zawadi alinipigia. Nyuma yake nikasikia kitoto kinacheka.

"Shikamoo mama. Tumemaliza kitabu sasa hivi. Mjukuu wako anauliza, wewe kichwa chako umeshakipapasa?"

Nikakipapasa, peke yangu, hapa jikoni. Mungu akujalie nawe, mwanangu, mtu wa kukuuliza hivyo.